Meza ya Fundi Bastola

Nimeishi kwa chuma tangu ujana. Mombasa, upande wa Mbaraki, nilikereza shafti na bushi za meli katika karakana iliyopakana na bahari, na mwalimu wangu wa kwanza kazini alikuwa kutu. Chuma ulichokisahau Ijumaa bila mafuta, Jumatatu unakikuta kimeshashika wekundu. Nilipohamia Houston, katika jimbo la Texas, nilikuta unyevu ule ule. Nilianza kwa kukereza vifaa vya visima vya mafuta, hadi jirani mwenye duka la silaha aliponiomba nimtengenezee pini ya bastola kuukuu ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Pini ile ndiyo iliyonihamisha kazi. Nilikaa kwenye meza ya nyuma ya duka lile mpaka nywele zikawa nyeupe.

Swali nililoulizwa kuliko mengine yote lilikuwa moja. Mtu anaegemea kaunta, anasema anataka bastola ya kukaa nayo miaka mingi, ya siku ambayo umeme umekatika, barabara zimefungwa na polisi hawawezi kufika. Kwa watu wa Ghuba ya Meksiko hayo si mambo ya filamu, kwani msimu wa vimbunga huanza Juni na kwisha Novemba kila mwaka. Karibu wote walitaka niwatajie jina la kiwanda. Mimi nilitangulia kuwauliza: springi ikivunjika miaka ishirini kutoka leo, utaipata wapi?

Nilikuwa na sababu. Mtutu huchakaa polepole sana. Kinachotangulia kuchoka ni springi, na kinachoikwamisha bastola mara nyingi ni magazini: midomo yake imepinda au springi yake imelegea, risasi haipandi sawasawa. Basi silaha ya kutegemewa ni ile ambayo magazini na vipuri vyake vimejaa kila mji, na mwenyewe anaweza kuvibadilisha. Ndiyo maana watu wengi niliwaelekeza kwenye Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982, au ndugu yake mdogo Glock 19 ya mwaka 1988. Haina uzuri wa kutazamwa. Lakini kiunzi chake ni cha plastiki ngumu kisichoshika kutu, vipande vyake ni vichache, na mtu aliyefundishwa vizuri huifungua yote mezani kwa pini moja ya kusukumia.

Bastola niliyoipenda kwa moyo ni M1911 ya John Browning. Katika majaribio ya jeshi la Marekani ilifyatua risasi 6,000, ikichovywa kwenye maji inapopata moto mno, na jeshi hilo likaitumia kuanzia mwaka 1911 hadi 1985. Hata hivyo kipuri chake kipya mara nyingi hudai tupa na jicho la fundi kabla hakijakaa mahali pake, na siku ya mafuriko fundi naye amezingirwa na maji. Rivolva nazo zina heshima yao. Smith & Wesson Model 10, ambayo asili yake ni mwaka 1899, haina magazini ya kulegea, na hukaa imejazwa miaka bila springi yake kuu kukazwa. Ila silinda ikiacha kulingana na mtutu, hapo ni kazi ya karakana, si ya jikoni kwako.

Maneno hayo yote yalipimwa mwaka 2017. Kimbunga Harvey kiliingia pwani ya Texas usiku wa tarehe 25 Agosti, kisha kikaganda juu yetu kwa siku kadhaa. Mahali pengine mvua ilizidi milimita 1,500. Maji yalipopungua, watu walituletea silaha zao ndani ya ndoo, mashuka na mifuko ya taka. Sefu nyingi zilitengenezwa kuhimili moto, si maji. Maji yaliingia na kukaa humo, na mwenye nyumba akarudi siku nyingi baadaye kufungua mlango na kukuta tope.

Tulifanya kazi mpaka usiku. Kwanza ni kuosha kwa maji safi, kwa sababu yale ya mafuriko yalibeba matope na uchafu wa vyoo. Kisha kufungua kila kipande, kutoa vishikio vya mbao maana mbao hunyonya maji na kuyabana juu ya chuma, kukausha kwa hewa ya moto, ndipo mafuta. Bastola za plastiki nyingi zilirudi kazini baada ya kubadilishwa springi na pini. Zile za chuma kilichotiwa weusi wa kung'aa, ambazo watu walizirithi kwa baba zao, zilikuwa zimeliwa vishimo visivyofutika. Hata chuma cha pua kilishika kutu, jambo lililowashangaza wengi.

Risasi zilizozama nilikataa kabisa zisitumike, ingawa wenyewe waliomboleza gharama. Baruti ikilowa kidogo tu, risasi inaweza kukwama katikati ya mtutu bila mpigaji kujua, na inayofuata ikaupasua mtutu mkononi mwake. Risasi ambazo hazijalowa, ukizitunza katika kopo la chuma lenye mpira mdomoni, mahali pakavu pasipo joto, hukaa miongo.

Harvey ilinifundisha pia kipimo cha dharura yenyewe. Watu 68 walikufa Texas moja kwa moja kwa kimbunga kile, na karibu wote waliuawa na maji ya mafuriko. Februari 2021 baridi kali iliponyima umeme nyumba zaidi ya milioni nne jimboni humo, wengine walikufa kwa baridi, wengine kwa moshi wa jenereta na mkaa waliouwasha ndani. Kwa hiyo mteja akija na fedha za bastola wakati nyumbani hana maji ya kunywa ya wiki wala dawa ya sukari ya mama yake, nilimwambia aanze na hayo.

Dada mmoja kutoka Kenya, muuguzi wa zamu za usiku, alinijia akitaka bastola ndogo kuliko zote.

"Kaka, nipe ile inayoingia kwenye mkoba."

"Ivute slaidi kwanza, dada."

Hakuweza. Vibastola vidogo huwa na springi ngumu. Nikampa ya ukubwa wa kati, akaivuta bila shida, kisha nikampeleka kwa mwalimu wa shabaha kabla hajalipa. Risasi zake zilikuwa za milimita 9. Mwaka 2020, wakati ukaguzi wa wanunuzi unaofanywa na FBI ulipita milioni 39 na rafu zetu zikabaki tupu, hizo ndizo zilizotangulia kwisha, na ndizo zilizotangulia kurudi.

Kuna hatari inayonikera kuliko vimbunga. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua. Huko New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu walinunua silaha katika duka moja ndani ya wiki moja na kila mmoja akajiua, ndipo wenye maduka wakashirikiana na wataalamu wa afya kufundisha wauzaji dalili. Nasi tulizifuata: mtu hajali aina gani, hataki maelezo ya utunzaji, anauliza risasi chache tu. Sheria inamruhusu muuzaji kukataa, na nilikataa bila haya, nikaketi na mtu huyo tukazungumza.

Ndugu msomaji, kama sheria ya nchi yako inakuruhusu na umeshaamua, nunua kisanduku cha kufungia siku ile ile unayonunua bastola, risasi uzifungie mbali nayo, na ufunguo usiujue mtoto. Na siku yeyote nyumbani mwako atakapozidiwa na huzuni, usingoje. Itoe silaha ile ndani ya nyumba, ihifadhiwe kihalali kwingine hadi atakapopona.