Siku Saba Nchi Kavu: Ratiba, Madumu na Mvua za Vuli

Nianze na hili ili tusipotezane njiani: Tanzania haina jangwa. Walau si lile la kwenye sinema, mchanga mtupu na ngamia kwenye mstari. Lakini tunayo nchi kavu ya kutosha kumtia mtu adabu, na iko kaskazini, ndani ya Bonde la Ufa, ukishaiacha Mto wa Mbu ukielekea Ziwa Natron. Huko ndiko mimi na washikaji zangu wanne tunakotaka kwenda kutembea kwa miguu siku saba, wiki ya mwisho ya Septemba. Vikao vya maandalizi vinafanyika hapa Pangani. Pangani ya Kibaha, jamani, si ile ya Tanga. Kila nikilitaja jina hili kuna mtu ataniuliza bei ya samaki.

Kwa nini Septemba? Wenzetu wa Marekani wanaopenda majangwa huyaendea baada ya kiangazi chao, joto likishapungua na majani yakianza kupukutika. Sisi majira hayo hatuna. Tunachokijua ni vuli, na vuli kwetu maana yake ni mvua, kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba. Kwa hiyo hesabu yetu ni tofauti: tunawahi kabla vuli haijaanza. Barabara ya Natron ni vumbi na makorongo. Mvua ikinyesha milimani, korongo ulilolipita asubuhi likiwa kavu unaweza kulikuta jioni ni mto, nawe umebaki ng'ambo na gari lako la kukodi. Na Mlima Ol Doinyo Lengai una miteremko ya majivu. Majivu makavu yanachosha, yaliyoloa yanaangusha.

Basi Septemba ikapita bila kupingwa. Ubishi ulikuja baadaye, na nitaueleza. Kwanza ratiba.

Jumamosi tunapanda basi kwenda Arusha. Hiyo siihesabu, kukaa kwenye kiti siku nzima si matembezi. Jumapili tunaondoka Arusha, tunakata kulia Makuyuni, tunafika Mto wa Mbu. Hilo ndilo soko letu la mwisho: ndizi, vitunguu, mkaa na, zaidi ya yote, maji. Usiku huo tunalala Engaruka.

Jumatatu ni ya magofu ya Engaruka. Naomba mtu asiyapite mahali hapa kama njia tu. Chini ya ukuta wa bonde kuna mabaki ya vijiji vya mawe, matuta ya mashamba na mifereji ya kumwagilia, kazi ya watu waliolima hapo tangu karne ya 15 au karibu na hapo. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883 na kuandika habari zake, lakini wenyewe walikuwa wameshaondoka zamani. Watafiti wanataja sababu kadhaa za kuhama kwao, na mojawapo ni kupungua kwa maji ya vijito. Yaani watu waliojua kuyaongoza maji kwa ustadi ule, nao huenda maji ndiyo yaliwahamisha.

Jumanne tunasogea Engare Sero, kijiji kilicho kati ya mlima na ziwa. Hapo kuna kijito kinachotoka kwenye ukuta wa bonde na maporomoko unayoyafikia kwa kutembea ndani ya maji. Jumatano alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunakwenda ziwani. Natron ni kina kifupi na magadi matupu, na hapo ndipo wanapozaliana flamingo wadogo (kamusi inawaita heroe) wa Afrika Mashariki karibu wote. Mwaka 2001 bonde la ziwa hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Jirani na hapo kuna nyayo za watu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano, za miaka kati ya 5,000 na 19,000 iliyopita. Wengine walikuwa wanatembea, wengine wanakimbia. Wapandaji mlima wa kwanza, anasema mshikaji wangu mwalimu.

Jumatano hiyo hiyo tunalala mapema, kwa sababu saa sita usiku tunaanza kupanda Lengai. Mlima una karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na kutoka chini unapanda zaidi ya mita 1,500 bila mti wa kivuli wala tone la maji. Ndiyo maana watu huupanda usiku. Unafika juu jua likichomoza, unateremka kabla halijakukaanga. Lava yake haina mwenzake duniani: ni ya sodiamu na kaboneti, ndugu wa damu wa yale magadi mama anayotia kwenye maharage. Joto lake ni nyuzi 500 na kitu, wakati lava za volkano nyingine nyingi huvuka 1,000. Inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mara ya mwisho mlima kulipuka kwa kishindo kikubwa ilikuwa 2007 hadi 2008. Kwa mazoezi tumekuwa tukipanda vilima vya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe kila Jumamosi. Sitawadanganya, ni vifupi mno. Lakini magoti yameanza kuelewa.

Ijumaa tunarudi Mto wa Mbu na kupanda hadi Karatu. Jumamosi ni Oldupai, mahali Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, halafu mchanga unaohama. Huu ndio ujangwa tutakaoweza kuupigia picha: kilima kimoja cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kimekaa peke yake kwenye tambarare. Ni majivu ya Lengai yenye chuma ndani, yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na upepo unayasukuma magharibi mita 15 au zaidi kidogo kila mwaka. Pameachwa alama zenye miaka, unaona kilikuwa wapi zamani. Jumapili, basi la kurudi Kibaha.

Sasa ule ubishi.

Katika kundi letu kuna dada mmoja nesi. Kikao cha tatu alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu ya maji. Mtu anayetembea juani anahitaji lita nne za kunywa kwa siku, weka moja ya kupikia. Lita tano. Sisi watano, dereva na kijana wa Kimaasai atakayetuongoza: watu saba. Lita 35 kwa siku. Tangu Jumapili hadi Alhamisi ni siku tano. Lita 175. Madumu tisa ya lita 20, na bado hajanawa mtu uso.

"Si kuna kijito Engare Sero?" akauliza mwalimu. "Na Engaruka kipo. Tunachota, tunachemsha, maisha yanaendelea."

Nesi akamtazama. "Kaka, Septemba hicho kijito ni cha nani?"

Hapo pakawa kimya. Kwa sababu swali lake lilikuwa sahihi. Sababu zote tulizoichagulia Septemba, barabara kavu na makorongo yasiyo na maji, ndizo zinazomuumiza mwenye ng'ombe. Kiangazi kirefu kikifika mwisho, malambo yamebaki matope, na kina mama wanaamka usiku na punda kwenda kuchota. Vuli ikichelewa, ni msiba. Mwaka 2009 ukame uliua mifugo mingi Longido, Monduli na Ngorongoro. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 magazeti yalijaa tena picha za mizoga, Longido na Simanjiro. Hali ya hewa nzuri ya mtalii ni ileile inayomnyima usingizi mwenyeji wake.

Na sisi wa Kibaha hatuna kisingizio cha kutolielewa hili. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, hapa hapa jirani. Oktoba 2022, Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatangazwa, tulijua bei ya dumu kabla ya bei ya mkate. Wakati ule angetokea mgeni mwenye gari zuri akajipanga kwenye foleni yetu ili apate maji ya kwenda kuangalia mandhari, tungemwambia nini?

Mwalimu akapendekeza tuahirishe hadi Juni, masika ikiwa imeisha na majani bado yapo. Hoja nzuri. Lakini kijana wa Engare Sero nilipompigia simu hakuwa upande wake. Akaniambia, "Kaka, mgeni akija Juni tu, Septemba sisi tunakula nini?" Miezi ambayo ng'ombe hawana maziwa ndiyo miezi ambayo ujira wa kuongoza wageni unanunua unga. Njooni, akasema, ila maji ya kunywa njooni nayo.

Kwa hiyo tumeamua. Tunakwenda Septemba na madumu yetu tisa, yajazwe Mto wa Mbu. Kiti cha nyuma cha gari kinatolewa: madumu sita ndani, matatu juu ya keria. Hii imemgharimu binamu yangu nafasi yake, na mpaka leo hajanisemesha vizuri. Kijitoni tutatia miguu kama kila mgeni anayekwenda kwenye maporomoko, sabuni itabaki kwenye begi. Kuongozwa, kuni na mbuzi wa Alhamisi tutanunua kijijini, bila kubishana bei kama tuko Kariakoo. Na wiki mbili kabla nitapiga simu tena. Nikisikia ng'ombe wameanza kuanguka, tunakaa tena tuulizane upya, hata kama pesa ya gari imeshalipwa nusu.

Vilivyobaki ni vidogo: tochi za kichwani, kofia pana, fimbo, pakiti za ORS kutoka duka la dawa, na fedha taslimu za ushuru kwenye vizuizi vya njiani. Mwenye uzoefu wa kufunga madumu juu ya keria yasimwagike kwenye makorongo anitafute. Hilo bado hatujalipatia jibu.