Mikwiro Myembamba, Mikwiro Minene

Shaabani hiyo inakuja, harusi zimeanza kufuatana, na kazi zangu mbili zinagombania mikono hii hii: mchana nashona magauni ya maharusi, usiku napiga dramu katika kikundi chetu cha wanawake. Mmezoea kuniuliza nguo. Leo nasema juu ya vijiti vya kupigia, mikwiro kama waitavyo wazee, maana mwaka juzi kidogo viniachishe ushoni.

Harusi moja tu ya hapa Unguja inaweza kuwa na ngoma za kila namna. Msondo wa unyago hautaki kijiti, unapigwa kwa viganja, kama alivyokuwa akiupiga marehemu Bi Kidude, ameupanda baina ya miguu. Dufu la maulidi ni mkono vilevile. Kidumbak kina vingoma viwili vya mkono, lakini pembeni kuna mkwasa, vijiti vifupi vya kugonganisha. Beni ndiyo yenye mshindo: inatembea njiani na tarumbeta zake, dramu kubwa inapigwa kwa kirungu na dramu ndogo kwa vijiti. Taarabu ya ukumbini inataka dramu ikae chini ya sauti ya mwimbaji. Baina ya Alhamisi na Jumapili mtu mmoja anaweza kuzipita zote.

Kikundi chetu kiliponunua dramu za mtumba, zilikuja na jozi moja tu, nene, zimeandikwa 2B. Ndizo tulizokuwa nazo, tukapigia kila kitu. Baada ya harusi tatu mfululizo, Jumatatu asubuhi dole gumba langu la kulia likakataa kufungua mkasi. Mezani nina magauni manne, na ada za skuli za watoto zimo ndani ya magauni hayo.

Fundi mwenzangu wa cherahani, hesabu za vijiti hivi zitakuchanganya kwanza. Sindano ya shifoni ni namba 11, ya pamba 14, ya jinzi 16 au 18. Namba ikipanda sindano inanenepa. Mikwiro ni kinyume, kama uzi: namba ikipanda, kijiti kinakonda. 7A ni nyembamba, haifiki milimita 14. 5A iko kati na kati. 2B ni kama milimita 16. Tofauti ya milimita mbili na ushei, utasema si kitu, lakini mkono unaijua kama mguu unavyojua kiatu cha mtu mwengine.

Nilidhani dawa ni kununua vyembamba, basi. Bibi mmoja wa kikundi chetu, mpiga msondo ambaye kijiti hakishiki kabisa, alinitazama nikipiga akaniuliza, "Mwanangu, unakipiga au unakikaba?" Hapo ndipo penyewe. Kijiti kinene kina uzito wake, kinataka kuangushwa kisha kiachiwe kidunde. Kazi ni ya kifundo cha mkono na mkono mzima, vidole vinakiongoza tu. Ukikibana ndiyo kidole gumba kinalipa. Chembamba hakina uzito wa kukusaidia, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyokisukuma, mkono unatulia. Kila jozi ina pahala pake pa kushikia. Mimi huweka soli ya ndala kuukuu juu ya meza, nikakiacha kijiti kidunde, nikisogeza vidole juu na chini. Pale kinapodunda mara nyingi zaidi ndipo pa kushika. Kikiwa kifupi, sogeza kiti karibu na dramu, usinyooshe bega kukifuata.

Kutoka taarabu kwenda beni si kazi kubwa. Kurudi ndiko kugumu: umeshapiga njia nzima, unaingia ukumbini na mkono bado uko barabarani, wimbo wa kwanza wote unammeza mwimbaji. Nikishabadilisha jozi hupiga taratibu juu ya paja langu dakika tano kabla ya kugusa dramu. Na jambo jengine halisemwi: mkono uliopakwa mafuta ya karafuu unateleza, ukiteleza utabana. Zungushia kitambaa cha pamba pale unaposhika.

Kwa maharusi: mkizungumza na kikundi, waambieni ngoma itakuwa ndani au uwanjani, na kama kuna bibi wazee watakaokaa karibu. Mpigaji mzuri atachagua kijiti kwa jibu hilo. Wengine hawaulizi, wanakuja na sauti moja kwa kila nyumba, na mimi hao siwapendekezi. Najua pia wapo wanaokubali dufu na kukataa dramu. Masheikh wanatofautiana, muulizeni mnayemwamini mapema, si siku ile kikundi kimeshafika mlangoni. Sisi tunapigia wanawake watupu, na adhana ikiingia vijiti vinalala chini.

Sasa nina jozi tatu, pamoja na moja niliyochongewa na seremala kwa mti wa mpera, inayofaa uwanjani. Kabla ya kununua, viviringishe juu ya meza uone kama vimenyooka, kisha ugonge kimoja kimoja usikie kama vinalia sawa. Zangu hukaa katika mfuko wa mabaki ya satini, na jozi ya beni nimeizungushia uzi mnene mwishoni, ili umeme ukikatika niijue kwa kidole.