Utumbo Uliogeuka Kibofu

Muuguzi mmoja mstaafu wa Kanda ya Ziwa anawakumbuka vizuri wagonjwa wa kibofu wa miaka ya 1970. Kulikuwa na wavuvi waliougua kichocho tangu utotoni hadi kibofu kikaota saratani, na wanawake wenye fistula ambayo haikushoneka tena.

Njia waliyokuwa nayo madaktari ilikuwa kongwe: mirija itokayo kwenye figo ilipachikwa kwenye utumbo mpana, mkojo ukatoka pamoja na choo. Mwaka 1852, John Simon wa London aliripoti kuijaribu kwa mtoto aliyezaliwa kibofu kikiwa wazi. Kwa njia hiyo mgonjwa hakuvuja tena mkojo, wala hakuhitaji kununua chochote. Lakini vijidudu vya choo vilipanda figoni na asidi ikazidi kwenye damu. Wanawake waliorudi kijijini wakiwa na furaha walirejeshwa wodini wamekonda, wakihema haraka haraka.

Mwaka 1950, Eugene Bricker wa St. Louis, Marekani, alieleza njia nyingine: kipande cha utumbo mwembamba kinatokezwa kwenye ngozi ya tumbo na kudondoshea mkojo kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Shida ikawa mifuko. Ilipokosekana, mgonjwa alijifunga vitambaa.

Mkasi ndio uliogeuza mambo.

Utumbo unaofanywa kibofu ukiachwa kama bomba hujikamua wenyewe, na mkojo huvuja au kurudi juu. Nils Kock wa Gothenburg, Sweden, aliuchana kwa urefu, akaukunja na kuushona kuwa mfuko, shinikizo likashuka. Kwa kanuni hiyo, katika miaka ya 1980, Urs Studer huko Bern na Richard Hautmann huko Ulm waliunda vibofu vinavyounganishwa na njia ya asili ya mkojo. Mohamed Ghoneim alifanya kazi kama hiyo Mansoura, Misri, nchi iliyoteswa sana na kichocho.

Muuguzi alikaribia kustaafu alipouona upasuaji huo: takriban nusu mita ya utumbo, imechanwa na kulazwa juu ya kitambaa cha kijani. Siku zilizofuata alisukuma maji ya chumvi kwenye mpira wa mkojo na kuvuta ute, kwani utumbo hauachi kutoa ute hata ukifanywa kibofu. Kisha akamfundisha mgonjwa kukojoa kwa kufuata saa, hata usiku.

Upasuaji huu haumfai kila mtu. Figo lazima ziwe na nguvu, na damu ipimwe maisha yote. Ndiyo maana muuguzi huyo huwasisitizia wauguzi vijana: kabla ya kumruhusu mgonjwa, muulizeni nauli ya kurudi kliniki ataipata wapi.