Daftari la Kwenye Dashibodi

Mwaka 2012 nilikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa, nikanunua Hilux ya dizeli yenye kabini mbili, iliyokwisha kutumika. Usharika wangu wakati huo ulikuwa Makete, na anayeijua Makete ya Februari hahitaji kuelezwa kwa nini nilitaka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Utelezi ule hauheshimu kola ya mchungaji. Chuo cha theolojia kilinifundisha Kigiriki. Kufunga loki za magurudumu ya mbele nilifundishwa na mzee wa kanisa, sote wawili tukiwa matopeni hadi magotini. Usipoteremka ukazizungusha kwa mkono, vuta gia ndogo upendavyo, magurudumu ya nyuma yatachimba tu.

Gari la mchungaji ni la wote. Limebeba mbolea, viazi, kwaya, mabati ya kanisa la mtaa, na kina mama wenye uchungu usiku kwenda Hospitali ya Ikonda. Limebeba majeneza. Jeneza la mtu mzima haliingii nyuma ukaweza kufunga. Unashusha mlango, unalikaza kwa kamba, na vijana wanakaa pembeni wakilishika kila kona. Klachi nimebadilisha mara 3, bushi nimeacha kuhesabu. Gari lenyewe sikuwahi kulilaumu. Niliowalaumu ni watu.

Ndipo nikaanza daftari. Nililiweka kwenye dashibodi: tarehe, safari, lita, na safu ya mwisho, deni. Nilijiambia ni uwakili mwema, na kwa sehemu ilikuwa kweli, maana mkopo ulikatwa kila mwezi. Lakini safu ile niliijua kuliko nilivyoijua orodha ya washarika. Mtu akinipa mkono mlangoni baada ya ibada, kichwani nilikuwa nasoma lita zake.

Jumamosi moja nilitoka kuwafundisha vijana wa kipaimara Ombi la Tano la Sala ya Bwana, nikamkuta babu mmoja amesimama kando ya gari. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Kamwene, Baba Mchungaji. Nimeuza viazi. Nimeleta ile ya dizeli ya mama yenu."

Shilingi 30,000, zimefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa miaka 4 tangu tumzike mkewe. Ningependa kuandika hapa kwamba nilizikataa. Nilizipokea, nikatoa daftari, nikapekua hadi nilipoupata mstari wake, nikaukata kwa kalamu mbele yake ili aone kuwa amemaliza.

Akaomba nimwonyeshe mahali penyewe. Hakujua kusoma, aliweka kidole juu ya mstari.

"Hapa umeandika jina lake?"

Nilikuwa nimeandika: jeneza, lita 14.

Mama yule nilimzika mimi mwenyewe. Nilihubiri, nikatupia udongo mara tatu, nikamtaja kwa jina mbele ya watu wote. Pale kando ya gari sikuweza kulikumbuka. Ilinibidi nimuulize. Akanitajia majina mawili, la ubatizo na la kwao, nami nikayaandika juu ya mstari niliokwisha kuukata. Alitazama mpaka kalamu ilipoinuka.

Nikamwambia apande nimrudishe nyumbani.

"Hapana, Baba. Utaandika tena."

Hakusema kwa kejeli. Alishika fimbo yake akaenda kwa miguu, nami nikabaki nimeshika funguo.

Gari ninalo hadi leo. Nimehama nalo usharika. Daftari nalo lipo, kwa sababu dizeli inanunuliwa kwa fedha na asiyeandika hujidanganya. Siku hizi naandika jina kwanza. Safu ya mwisho naiacha wazi, ingawa si kila mara. Zile 30,000 zilinunua bushi za mbele. Zimekwisha kuchakaa, nimeweka nyingine.