Safari ya Landour na mtoto aliyetoka kupasuliwa moyo

Chumba nilikuwa nimeshalipia. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kwa mtu anayeandika habari za afya kila wiki halina utetezi.

Novemba ile dada yangu alimpeleka mwanawe wa miaka saba Delhi kuzibwa tundu la moyo, nami nikaenda naye. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na viza za wasindikizaji wasiozidi wawili, hivyo mimi nilikuwa msindikizaji wa pili. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kazi ilianza baada ya mtoto kuruhusiwa kutoka wodini, kwa sababu daktari alitaka abaki karibu kwa wiki tatu kabla ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani.

Wiki tatu kwenye chumba cha nyumba ya wageni ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Novemba hewa ya Delhi ni nzito, moshi unawasha macho hata ukiwa ndani. Dada alikuwa amemwacha binti wa mwaka mmoja na nusu kwa bibi yake Tanga. Kila jioni walipigiana simu ya video, na ikikatika dada anaingia bafuni na kufungua bomba ili mtoto asimsikie akilia.

Ndipo nikaanza kusoma habari za Landour.

Ni mji mdogo juu ya mji wa Mussoorie, jimbo la Uttarakhand, kwenye mwinuko wa kama mita 2,270. Waingereza waliufanya kambi ya askari wagonjwa kupata nafuu mwaka 1827, yaani tangu mwanzo ulikuwa mji wa watu wanaotoka kuugua. Nilipolisoma hilo nikaona ni kama tumeandikiwa sisi. Barabara ni chache na nyembamba, mierezi mirefu imefunika mteremko, na hewa ikiwa safi milima ya theluji inaonekana upande wa kaskazini. Mwandishi Ruskin Bond, ambaye hadithi zake husomwa na watoto wa India shuleni, ameishi huko miaka mingi. Sehemu inayopendwa zaidi inaitwa Char Dukan. Char kwa Kihindi ni nne, na dukan huhitaji kutafsiriwa. Mtoto alifurahi sana kusikia kwamba wanasema duka kama sisi. Kutwa nzima akawa anauliza, "Mamdogo, maduka manne tunakwenda lini?"

Nikapanga. Oktoba na Novemba ni miezi mizuri, kwa kuwa masika yao yameisha na mawingu yametoka. Julai hadi Septemba mvua huporomosha udongo barabarani, Mei na Juni watu wa Delhi wanakimbilia huko kukwepa joto, na Januari theluji inaweza kuanguka. Treni kutoka Delhi hadi Dehradun huchukua kama saa sita, tiketi zikatwe mapema. Kutoka Dehradun ni kilomita 35 za kupanda hadi Mussoorie, kona juu ya kona, na mtoto anayetapika garini atatapika. Ale kidogo kabla ya safari, akae dirishani aangalie mbali, asiangalie simu. Jambo jingine ambalo wageni hatuliambiwi: hoteli za India lazima ziwasajili wageni wa nje kwa pasipoti, na nyumba ndogo nyingine hazipokei wageni wa nje kabisa. Uliza kabla ya kulipa.

Mimi niliuliza hilo. Kwa daktari ndiko sikuuliza.

Dada ndiye aliyelitaja, kwenye kliniki ya wiki ya pili, kwa sauti ya kupitisha tu. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza ni mita ngapi. Nikamtajia, na nilipokuwa naitaja ile namba nikaanza kujisikia vibaya, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo hupeleka damu nyingi mno kwenye mapafu. Likikaa miaka, presha ya mishipa ya mapafu hupanda. Likizibwa presha hushuka, lakini kwa mtoto aliyechelewa huchukua muda, na kwa wengine haishuki ipasavyo. Sasa ukimpandisha mita 2,200, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Tanga, na mishipa ya mapafu hujibana zaidi oksijeni ikipungua. Mtoto mwenye moyo mzima hatalitambua hilo. Wetu, kipimo cha eko cha siku ile kilionyesha presha imeshuka ila bado haijafika walipotaka.

Dada hakukubali haraka. Alimuuliza swali ambalo mimi nililiona la maana: mbona ndani ya ndege nako hewa huwa kama ya mlimani, na watampandisha ndege? Daktari akasema ni kweli, na ndiyo sababu wanasubiri kabla ya kumruhusu. Kisha akaongeza kwamba kwenye ndege mtoto amekaa kwenye kiti kwa saa chache. Landour atalala siku nne, kuna vilima kila upande, na mtoto wa miaka saba akiona nyani atakimbia. "Dehradun sawa," akasema. "Juu, hapana."

Tukatoka. Kwenye lifti dada akaniambia, bila hasira, "Wewe ndiye unayeandika gazetini watu waulize daktari." Sikuwa na la kujibu. Hela ya chumba haikurudi.

Tulikwenda Dehradun, mji wa chini ambao uko kama mita 640 tu. Kwa mzazi atakayesafiri na mtoto aliyepasuliwa kifua, hili tulifundishwa wodini: usimnyanyue kwa kumshika makwapani. Mkono mmoja unapita chini ya makalio, mwingine mgongoni. Ngazi za treni ni ndefu, abiria wema watataka kumvuta mkono, na lazima mtu mmoja awe na kazi ya kuwazuia. Ilikuwa kazi yangu.

Siku ya tatu dada alinilazimisha nipande Landour peke yangu. Niliona mierezi, nikanywa chai Char Dukan karibu na kanisa la zamani. Kulikuwa na baridi ya kuvaa koti mchana, na kwenye kilima kimoja nilisimama kushika pumzi, mimi ambaye moyo wangu hauna kovu. Nikamfikiria yeye pale akikimbia. Milima ya theluji ilionekana kwa kama dakika kumi, kisha ukungu ukaifunika.

Nilimletea chupa ya siagi ya karanga kutoka duka la Sisters Bazaar, maana watu wa huko wanajivunia kuitengeneza. Akaipindua, akaitazama. "Mamdogo, umepanda mpaka Himalaya kuleta siagi ya karanga? Bibi anayo."

Usiku tulitoka na viti nje. Kutoka Dehradun taa za Mussoorie huonekana juu kabisa gizani, kama zimetundikwa bila mlima. Dada akampigia bibi, akageuza simu ili mtoto mdogo naye azione, lakini kwenye kioo cha simu kulikuwa na weusi tu. Wakabaki wanamweleza kwa mdomo, kaka mtu akihesabu taa kwa sauti, mpaka salio likaisha.