Mlima Uliobaki na Miti Yake: Safari ya Gombe



Kwetu Uvira neno "hema" halina sifa nzuri. Hema ni la mkimbizi. Hema na shitingi ni za yule ambaye nyumba yake ilibebwa na maji ya Mulongwe, usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, akabaki na watoto na sufuria moja. Ndiyo maana ukimwambia jirani wa Kimanga kwamba umelipa pesa yako ulale katika hema kando ya ziwa, kwa hiari yako, anakutazama kama una malaria. Lakini ndivyo nilivyofanya na binti yangu wa miaka 16 wakati wa likizo kubwa. Wengi wenu mmeniuliza tulifuata nini huko, na juma hili ninajibu wote pamoja.

Hatukwenda kwenye ziwa la watu wengine. Tulikwenda kwenye ziwa hilihili letu la Tanganyika, upande wa Tanzania, katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Njia

Tulivuka mpaka wa Kavimvira, tukapita Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, tukaingia Tanzania hadi Kigoma, ambako mdogo wangu ameolewa. Gombe haina barabara ya gari. Unafika kwa maji tu. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, na zinakwenda kaskazini zikigusa vijiji vya ufukoni. Tulikaa kati ya magunia ya unga, godoro la bwana harusi mmoja na kuku wasiotulia. Baada ya saa tatu hivi nyumba zilikwisha ufukoni, na mlima ukabadilika rangi. Tulikotoka ulikuwa wa kahawia, na mbele yetu ulikuwa wa kijani. Hakuna aliyehitaji kutuonyesha mpaka wa hifadhi.

Kuta mbili za ziwa moja

Tuliosoma jeografia shuleni tuliambiwa kwamba ziwa letu limekaa ndani ya ufa mkubwa wa ardhi. Ardhi ilipasuka na kuachana kwa mamilioni ya miaka, katikati ikazama, pembeni zikabaki kuta. Maji yakajaa humo: urefu wa kilomita 673, na kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Hakuna ziwa la maji baridi lililo refu kuliko hili duniani.

Sisi wa Uvira tunaishi chini ya ukuta wa magharibi, milima ya Mitumba. Gombe iko kwenye ukuta wa mashariki. Sura ni ileile: ufuko mwembamba, kisha mlima unapanda ghafla kama paa la nyumba. Ufuko uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima karibu mita 1,500, yote ndani ya kilomita chache tu. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 35 hivi za nchi kavu. Lakini ndani yake kuna mabonde mengi yaliyochimbwa na vijito, na kila bonde lina msitu mzito wa miti mirefu na kamba za mwituni. Ukipanda kidogo unatoka kwenye msitu na kuingia kwenye miti ya miombo, kisha juu kabisa ni majani matupu na upepo. Kwa asubuhi moja unatembea kama katika nchi tatu.

Bonde lenye maporomoko ya maji linaitwa Kakombe. Binti yangu alicheka, kwa sababu ana rafiki zake katika kartie yetu ya Kakombe. Tulisimama chini ya maporomoko hayo katikati ya kiangazi, na maji yalikuwa yanashuka safi na baridi. Aliingiza mikono akasema, "Mama, huu ni kama Kalimabenge iliyooga."

Mwongozaji wetu, kijana wa Kigoma, alisikia akauliza Kalimabenge ni nini. Nilimweleza kuhusu mito yetu, jinsi inavyokauka kisha inashuka siku moja na mawe makubwa kama ng'ombe. Alitikisa kichwa. "Mama," akasema, "mvua ikianguka hapa inakuta majani kwanza, halafu matawi, halafu mizizi. Ikifika mtoni imeshachoka. Kwenu inafika na nguvu zake zote." Nimesikia semina nyingi juu ya mazingira. Hakuna iliyonieleza vizuri kuliko maneno hayo.

Mama aliyekwenda na binti yake

Gombe inajulikana duniani kwa sababu ya sokwe, wale ambao kwetu tunawaita sokomutu, na kwa sababu ya mwanamke aliyekwenda kuwatazama, Jane Goodall. Alifika tarehe 14 mwezi wa saba 1960, akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Wengi wanalijua jina lake. Wachache wanajua kwamba alikwenda na mama yake.

Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake. Basi mama yake, Vanne, akafunga mizigo. Walipofika Kigoma walikuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia kutoka Kongo, kwa maana nchi yetu ilikuwa imepata uhuru siku chache tu nyuma, tarehe 30 mwezi wa sita. Mama na binti wakasaidia kutengeneza mikate kwa ajili ya wakimbizi hao kabla ya kuendelea na safari yao. Kisha wakaweka hema ufukoni Gombe.

Binti alipokuwa mlimani tangu alfajiri, mama alibaki kambini na kufungua kliniki ndogo kwa wavuvi na jamaa zao, akiwapa aspirini na kuwasafishia vidonda. Malaria iliwashika wote wawili, na mama alizidiwa. Hakurudi Ulaya mpaka miezi ilipopita. Kazi iliyoanza katika hema lile imeendelea kwa zaidi ya miaka 60, na Goodall aliifuata mpaka alipofariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91. Ninawaandikia haya wamama wenye mabinti wanaopenda mambo ambayo ukoo unayaona ya ajabu. Mara nyingine kinachohitajika ni mama atakayekaa chini ya mlima na kuchunga moto.

Usiku tulilala na mlango wa hema umefungwa vizuri, kwa sababu nyani wa Gombe ni wezi wa kazi. Kelele ilikuwa ya mawimbi tu. Nje ziwani taa za wavuvi wa ndagala zilijipanga kama mji. Binti yangu aliuliza kama na huko Kalundu wanaziona za kwao saa hiyohiyo. Nilimwambia ndiyo.

Mlima unaweza kurudi

Msifikiri watu wa Kigoma walizaliwa na hekima kuliko sisi. Karibu mwaka 1990 Goodall alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo, akaona kwamba hifadhi imebaki kisiwa cha kijani, na milima yote ya kuizunguka imekatwa. Watu walikuwa wengi, wengine wakimbizi kutoka upande wetu na Burundi, na kila mmoja alitafuta kuni na shamba. Akaelewa kwamba huwezi kumwambia mwenye njaa aache mti.

Mwaka 1994 taasisi yake ilianza kazi na vijiji vya jirani, mradi unaoitwa TACARE. Haukuanza na sokwe. Uliwauliza watu wanataka nini, nao wakataja maji, afya na shule. Baadaye zilikuja bustani za miche, mikopo midogo kwa wamama, ada za shule kwa mabinti, na majiko yanayokula kuni kidogo. Na kuna jambo moja lililonishangaza: sehemu nyingi hazikupandwa. Vijiji vilikubaliana tu kuacha visiki vipumzike, na visiki vya miombo vilichipua vyenyewe. Ardhi ina kumbukumbu kama haijasombwa yote.

Sisi bado tuna ardhi. Nyuma ya ukuta wetu wa Mitumba kuna msitu wa Itombwe, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006, wenye sokwe na ngagi wake. Lakini mteremko unaotazama mji wetu umebaki mifupa. Mji unatembelewa na maji kutoka pande mbili: mito kutoka mlimani, na ziwa lenyewe, ambalo miaka hii limepanda hadi kumeza viwanja vya wenzetu wa ufukoni. Ziwa hatuliwezi. Mlima tunaweza kuuanza.

Kwa anayetaka kwenda

Njia haifunguki kila siku kwetu; sikiliza habari za mpaka kabla ya kutumia akiba. Chukua karatasi za safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uliza mapema bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa nchi yetu iliingia humo mwaka 2022, na ni tofauti na bei ya mgeni wa mbali. Uliza pia siku za boti.

Mwenye mafua au kikohozi hapandi kwa sokwe. Magonjwa yetu yanawaua. Mwaka 1966 polio iliwapooza baadhi yao na wengine wakafa. Unavaa barakoa, unasimama mbali mita kumi, na hukai zaidi ya saa moja. Watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda, lakini wanaweza kubaki ufukoni na mtu mzima. Beba chakula chako kutoka Kigoma, chandarua, tochi na nguo ya baridi. Usile chochote nje ukiwa peke yako, nyani wanakungoja.

Na kwa asiyeweza kwenda

Wengi wetu hatutaweza mwaka huu, na hiyo si aibu. Jumamosi moja wachukue watoto mtembee kufuata Kalimabenge kwenda juu, wakati wa kiangazi, mkiwa kundi. Waonyesheni mahali ambapo maji yalipita, mawe yaliyoshushwa, na miti michache iliyoshikilia udongo. Waulizeni kwa nini mahali penye mizizi hapakuvunjika. Watajibu wenyewe.

Na katika mkutano wetu ujao ninaomba tuzungumze mambo mawili. La kwanza, mbabula zinazokula makala kidogo, kwa kuwa kila gunia la makala tunalochoma lilikuwa miti mlimani. La pili, kipande kimoja cha mteremko, hata kidogo kama uwanja wa kanisa, ambacho tutaomba kwa wakubwa wa mtaa na wenye ardhi kiachwe kipumzike bila shoka, bila moto na bila mbuzi, miaka mitano. Tukubaliane nani atakichunga mwezi gani. Hema la hiari ni zuri, nimelionja. Lile lingine, watoto wetu wasilirudie.