Wimbi Liitwalo Ona

Barcelona iliniamsha na vumbi. Usiku palinyesha manyunyu, na asubuhi magari yote ya mtaa wa Les Corts yalikuwa na madoa mekundu, utadhani yametoka Dodoma kiangazi. "Sahara hiyo," alisema mama wa duka la mikate, huku akisugua nyanya kwenye mkate wangu na kuumiminia mafuta ya zeituni. Pa amb tomàquet, wanauita. Nyanya, mafuta, chumvi, basi. Na bado nililamba vidole. Akinirudishia chenji aliniita reina, malkia. Nilimsikia akimwita hivyo hata mteja wa nyuma yangu, lakini nilitoka dukani nikitembea kimalkia.

Nikashuka metro kituo cha Palau Reial, nikaanza kupanda. Ramani ya simu haikuwa imenitajia ngazi. Natafuta Kituo cha Kompyuta Kuu cha Barcelona, nikajikuta nahema mbele ya kanisa.

Wala sikupotea. Kanisa dogo la Torre Girona halisaliwi tena siku nyingi. Kwa karibu miaka 20 mitambo iitwayo MareNostrum, yaani "bahari yetu" kwa Kilatini, ilinguruma humo ndani ya chumba cha vioo, chini ya matao. MareNostrum 5, iliyozinduliwa Desemba 2023, haikuenea kanisani ikajengewa pake jirani: ikifika kileleni hupiga hesabu trilioni laki tatu na ushee kwa sekunde moja. Wa dawa, wa jeni, wahandisi, wa hali ya hewa, wote wanapanga foleni hapo. Hata lile vumbi la asubuhi lina watu wake: kituo hiki na idara ya hali ya hewa ya Hispania hutabiri vumbi la Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Ulaya.

Kanisani kumeingia mgeni mpya, kompyuta ya kwanta, iliyozinduliwa Februari 2025. Ndani ya silinda yake kuna waya na sahani zilizoning'inia kama thurea ya msikitini, na chipu hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Miongoni mwa walioiunda ni kampuni ya hapahapa mjini iitwayo Qilimanjaro. Nilisoma mara mbili. Mlima wetu, kwa Q! Na kompyuta yenyewe? Ona. Kwa Kikatalani ni wimbi. Nilimweleza kijana aliyetutembeza kwamba kwetu ona ni kutazama, akacheka, kisha kila alichotuonyesha baada ya hapo, hata swichi ya taa, alikitangulizia: "Ona!"

Jioni nilishuka Barceloneta na njaa yangu. Jiko halifunguliwi kabla ya saa tatu usiku, mhudumu akaniambia kwa huruma, akaniletea zeituni za bure na kiti kinachotazama maji. Samaki alipokuja nilikuwa nimehesabu ona arobaini na kitu, hesabu ikanipotea.